Umri wa Kitabu cha Yeyo

Mimi ni dalali wa ng'ombe mnadani Kisongo. Nikimfungua ng'ombe mdomo najua umri wake, na mwenye ng'ombe akinidanganya namwambia hapo hapo kwamba ananidanganya. Wengine hawanipendi kwa ajili hiyo, na mimi hainikoseshi usingizi. Shule niliacha darasa la tano. Vitabu sikuwahi kuvipenda, na sikudhani ipo siku nitakaa tangu asubuhi mpaka jua linapinda nikimtazama mtu anakagua kitabu cha watoto, na nisitake kuondoka.

Kitabu chenyewe ni cha mama yangu, Nosim. Sisi Waarusha mama tunamwita yeyo, na huyu hata majirani wanamwita hivyo. Ni kitabu chembamba cha kujifunzia kusoma, cha darasa la kwanza, chenye picha kila ukurasa. Picha kubwa kuliko zote ni ya mbuzi aliyefungwa kamba, kwa hiyo nyumbani kiliitwa kitabu cha mbuzi. Kilikaa darini juu ya mafiga, pale yeyo anapoweka mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, na moshi ulikuwa umekifanya kifanane na kahawa iliyokaangwa. Jalada lilishatoka, na kurasa za mwanzo zenye jina na mwaka hazikuwepo. Tulipokuwa watoto ukikigusa unachapwa. Tuliambiwa tu kwamba babu Yiamat, baba yake yeyo, alijifunza kusoma kwa kitabu hicho kwa Wajerumani, akiwa mtoto, kabla ya vita ya kwanza.

Babu Yiamat nilimwahi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili yeye ndiye aliyesoma Neno. Alisoma polepole, kwa sauti nene, na akimaliza alifunga Biblia kama mtu anayefunga lango la zizi. Watu wa huku kwetu juu ya Ngaramtoni wanamkumbuka kwa kusoma kuliko kwa ng'ombe wake, na ng'ombe alikuwa nao.

Sasa, usharika wetu ulijenga chumba kipya cha shule ya Jumapili. Mjomba Tajeu, mdogo wake yeyo, akasimama mbele ya watu akasema chumba kiitwe jina la Yiamat, kwa sababu ndiye mtoto wa kwanza wa upande wetu kusoma shule ya misheni. Mzee mmoja akauliza ushahidi uko wapi. Mjomba akajibu kwamba kitabu kipo, cha enzi za Mjerumani, na siku ya kufungua chumba kitawekwa mezani kila mtu akione.

Kamati ya usharika ikakubali, lakini ikataka kitabu kikaguliwe kwanza na mtu anayejua. Walikuwa na sababu. Sherehe iliyopita mtu alileta ngao akaapa kwamba ni ya babu wa babu yake, ya vita. Mtoto mmoja akaigeuza, nyuma ikakutwa karatasi ya bei ya duka la vinyago la mjini.

"Wanataka tuende Kikatiti," mjomba aliniambia. "Kuna mama mmoja wa Kimeru, Catherine Sumari. Wanamwita Mama Godbless. Alikuwa mkutubi, sasa amestaafu, anakusanya vitabu vya zamani vya watoto. Yeye akisema ni cha Mjerumani, chumba kinaitwa Yiamat. Akisema sicho, hoja imekufa, na mimi nitapita wapi?"

"Kwa hiyo unaogopa," nikamwambia.

"Siogopi! Wewe Lesian umekiona. Kitu cha juzi kina rangi ile?"

Aliyeogopa alikuwa yeyo, na hilo sikulielewa. Tulipokwenda kumwomba kitabu alisema hakitoki. Mjomba akabembeleza, akaja juu, akabembeleza tena. Mwishowe yeyo akapanda ngazi mwenyewe, na umri wake ule, akakiteremsha, akakifunga kwenye kanga.

"Kama kinakwenda, nakwenda nacho," akasema. "Na hakishikwi na mtu mpaka nimemwona anayekishika."

Nikawapakia kwenye pikapu, tukapita mjini, tukapita Tengeru na Makumira. Mjomba aliongea njia nzima. Yeyo alikaa katikati yetu, mzigo wake mapajani, hakusema hata kwamba naendesha kwa kasi. Hilo hulisema hata gari likiwa limesimama.

Nyumba ya Mama Godbless iko ndani kidogo kutoka barabara kuu, kwenye migomba. Alitupokea mlangoni, mwanamke mrefu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo mama," akamwambia yeyo kwanza, akainama kidogo.

"Marahaba, mwanangu."

Na mimi nikamwamkia, naye akaitikia, akatuingiza sebuleni. Jambo la kwanza nililoliona ni friza, ile kubwa ya kulala ambayo wauza nyama wanayo. Akaifunua kutoa maji ya kunywa. Ndani kulikuwa na chupa za maji, kuku mmoja, na vitabu. Vitabu vingi, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni uliofungwa vizuri.

Mjomba akanigusa kwa kiwiko. "Huyu ndiye mtaalamu?" akaninong'oneza. "Anagandisha vitabu na kuku?"

"Nimesikia, mzee," Mama Godbless akasema bila kugeuka. "Kitabu kikiingia nyumba hii kina wadudu, kinalala humo mpaka wadudu wafe na mayai yao. Dawa ya kunyunyiza inaharibu karatasi, baridi haiharibu. Kuku ni wa Jumapili."

Yeyo akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu asubuhi. Akafungua kanga, akampa kitabu mkononi bila kuombwa mara ya pili.

Chumba cha kazi kilikuwa na rafu ukutani pote, masanduku ya karatasi ngumu yamepangwa, na meza dirishani. Mama Godbless alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha mpaka katikati ya vidole, ndipo akakaa. Nilitegemea aanze kusoma. Hakusoma. Alikinusa. Akakitazama ubavuni, juu na chini, kama ninavyomzunguka dume kabla sijamgusa.

"Tuanze na nguo zake," akasema.

Kitabu kilikuwa na kava la karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyofunika madaftari yetu shuleni. Akalilegeza kwa kisu butu cha mfupa. Chini yake kukatokea kava jingine, la gazeti. Mjomba akaruka.

"Gazeti! Hapo si pana tarehe?"

"Pana tarehe ya gazeti, mzee. Wewe shati lako limeshonwa mwaka gani?"

"Hili? La juzi juzi tu."

"Na wewe je?"

Mjomba akalitazama shati lake. Mimi nikacheka kwa sauti, akanitazama vibaya.

"Kava linaniambia siku ambayo mtu alikihurumia kitabu," Mama Godbless akasema. "Halisemi kilizaliwa lini."

Akaingia ndani ya kitabu. Kilikuwa kimeshonwa mgongoni kwa pini mbili za waya, zimeota kutu nyekundu. Mjomba akasema kutu ile ni ya miaka mingi. Akajibiwa kwamba pini za waya zilikuwepo tangu kabla ya Mjerumani kuondoka na zipo hadi leo, na kutu ni habari ya unyevu, kwa hiyo hazimsaidii mjomba wala hazimwangushi. Nilimpenda kwa jibu lile. Alikuwa amesikia tayari tunachotaka, maana mjomba alilisema tangu mlangoni, lakini hakulisogelea wala hakulikimbia. Mnadani watu wa namna hiyo ni wachache. Wengi huanza na bei waliyonayo kichwani, halafu wanamtafutia ng'ombe meno ya kufanana nayo.

Akaupitisha ukurasa mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akanishika kidole changu cha shahada akakiweka nyuma ya karatasi.

"Pitisha taratibu. Unasikia nini?"

Nikasikia vijinundu, vidogo mno, kama ngozi ya mtu aliyeingiwa na baridi.

"Vinanikwaruza," nikasema.

"Ndiyo. Hizo ni herufi za madini ya risasi. Zilipangwa moja moja kwa mkono, zikapakwa wino, zikagandamizwa kwenye karatasi kwa nguvu mpaka zikaacha mashimo mbele na vijinundu nyuma. Mashine za siku hizi hazigandamizi hivyo, karatasi inabaki laini. Kwa hiyo kitabu chenu si cha juzi."

Mjomba akapiga paja. "Nilisema!"

"Si cha juzi, mzee. Sijasema ni cha lini. Herufi za risasi Wajerumani walikuwa nazo, na Waingereza walikuwa nazo, na sisi wenyewe tulikuwa nazo baada ya Uhuru."

"Na rangi je? Angalia ilivyoiva."

"Rangi naiacha mwisho. Niliwahi kukipa kitabu kimoja miaka thelathini ambayo hakikuwa nayo, kwa kuiamini rangi. Kumbe kilikaa jikoni kwa mama mmoja huko Nkoaranga. Moshi unazeesha haraka kuliko miaka. Nilimwandikia mwenyewe nikamwambia nimekosea, na tangu hapo rangi haisemi kitu mpaka wengine wote wamemaliza."

Akafungua picha. Alizipitia zote kwa lenzi ya mkononi, bila haraka. Kuku na vifaranga. Mama ana debe kichwani. Watoto wanacheza mpira. Akafika kwenye picha ya lori lililosimama dukani, akatugeuzia.

"Mnalionaje hili?"

Mjomba akainama, uso ukafunguka. "Ah! Hili ni kama lile la Mhindi, lililokuwa linakuja kununua mahindi. Lilikuwa na pua ya mviringo hivi hivi. Tulikuwa tunalikimbilia, mimi na..."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mjomba amezaliwa enzi za Waingereza, tena mwishoni.

"Wajerumani nao walikuwa na magari," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Walikuwa nayo," Mama Godbless akasema. "Yalikuwa ya pembe pembe, na matairi membamba. Mchoraji hawezi kuchora gari ambalo halijatengenezwa. Pua hii ya mviringo imekuja baadaye sana, mzee wangu. Pole."

Nikamtazama yeyo. Nilifikiri atahuzunika, kwa kuwa ni baba yake. Alikuwa amekaa wima, mikono ameifumbata, anamtazama Mama Godbless kama mtu anayemwona mwingine akivuka mto na bado hajui kama atafika.

Mjomba hakuwa amekata tamaa. "Labda kilichapwa mara nyingi. Labda cha Wajerumani ndicho hiki hiki, wengine wakaongeza lori."

"Swali zuri," akasema Mama Godbless, na alimaanisha. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku moja kati ya yale yote, akatoa vitabu viwili. Akaviweka mezani sambamba na chetu, vyote vimefunguliwa kwenye ukurasa wa mbuzi.

Mbuzi watatu. Mbuzi yule yule. Tangu utotoni nilijua mbuzi ni mmoja duniani, wa darini kwa yeyo.

"Hiki kina kurasa zake zote," akasema, akigusa cha kulia. "Mwanzoni wameandika: chapa ya kwanza 1951, ya pili 1953, ya tatu 1956. Chenyewe ni cha chapa ya tatu. Hiki cha kushoto ni cha chapa ya kwanza, nilipewa na familia moja ya Machame. Kabla ya hapo hakikuwepo kabisa, maana dibaji inasema ni kitabu kipya kilichoandikwa kwa ajili ya shule za wakati ule. Sasa kazi ni kujua chenu ni cha chapa ipi. Lesian, wewe mtu wa mifugo, niambie unaona nini."

Nikatazama. Mbuzi wa kushoto alikuwa mweusi mtupu, hana rangi nyingine. Wa kulia na wa kwetu walikuwa na kamba nyekundu.

"Wa kwanza kamba yake nyeusi," nikasema.

"Walikuwa hawajaanza kutumia wino wa pili. Kwa hiyo chenu si cha kwanza. Endelea."

Nikaangalia hao wawili wenye kamba nyekundu. Miguu sawa, ndevu sawa. Nikashindwa. Akanipa lenzi. Ndipo nikaona: mbuzi wa kulia pembe moja ilikuwa na ufa mweupe, na ncha yake haipo. Wa kwetu alikuwa na pembe zote mbili nzima.

"Amevunjika!"

"Bamba la picha ndilo lililovunjika. Picha ilichongwa kwenye bamba, na bamba hilo hilo walilitumia kila walipochapa. Wakati fulani kati ya 1953 na 1956 liliangushwa, likapata ufa. Hawakuchonga jingine, waliendelea nalo hivyo hivyo. Chenu kina wino mwekundu na pembe nzima. Ni cha chapa ya pili, 1953. Hapo naweza kuweka jina langu."

Sijui kama nimeeleza vizuri. Mwanamke huyu alikuwa na kitabu kisicho na jina, kisicho na mwaka wala jalada, na aliupata mwaka wake kwenye pembe ya mbuzi. Nimefanya kazi ya kukisia umri maisha yangu yote, na ninajua kukisia ni nini. Hapa hapakuwa na kukisia.

Mjomba alikuwa amekaa kama gunia. "1953," akasema. "Baba alikuwa na mvi 1953. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa." Akamgeukia yeyo. "Dada, basi hiki si kitabu cha baba. Umetunza kitabu gani miaka yote hii?"

Yeyo akaikunja ile kanga mapajani.

"Sasa rangi," akasema Mama Godbless taratibu, kama vile hakusikia. Akakifungua chetu katikati kabisa, pale kurasa zinapokutana. "Tazameni. Kitabu kikikaa darini kimefungwa, moshi unashika kingo tu. Ndani kinabaki cheupe. Hiki moshi umeingia mpaka kwenye mshono. Kilikuwa wazi, mbele ya moto, mara nyingi sana. Hapa pana tundu la cheche. Na kurasa za mwanzo zimeiva kuliko za mwisho, kwa hiyo mtu alikaa sana mwanzoni, akaja kuongeza mwendo."

Akashusha lenzi kwenye mistari.

"Na hivi vidoa, chini ya kila neno. Ni masizi. Mtu alichukua kijiti kwenye moto, akakizima, akawa anaonesha kwa ncha yake neno moja moja. Hiki kilikuwa kitabu cha shule, na shuleni mtoto hawezi kufanya hivi. Angechapwa."

"Nilichapwa," akasema yeyo.

Mama Godbless aliweka lenzi chini. Sikumwona akishangaa, nadhani alishajua kwamba lipo jambo, ila hakujua ni lipi.

"Mama," akasema, "umri wa kitabu nimeupata, na kazi yangu imeishia hapo. Yaliyobaki ni ya nyumbani kwenu. Ukitaka yabaki huko, mimi sitauliza, na kwenye kadi ya maonyesho, ile itakayokaa mezani pamoja na kitabu, sitaandika habari ya masizi. Nitaandika mwaka tu."

Nimeona wataalamu wengi, wa mifugo na wa ardhi na wa hospitali. Kila mmoja akijua kitu anataka ujue kwamba anajua. Huyu alishika siri ya watu mkononi, akairudisha mezani mbele ya mwenyewe.

Yeyo akasema: "Nimechoka nacho. Nitakufa nacho cha nini?"

Akatusimulia. Babu Yiamat kweli alikuwepo misheni akiwa mtoto. Alichunga ndama wa mchungaji wa Kijerumani. Wenzake walikuwa ndani wanasoma, yeye yuko nje na ndama. Alipokuwa mtu mzima akabatizwa, na kwa kuwa alikuwa na kichwa kikali alishika maandiko kwa kuyasikia, akawa anayasema kama anayesoma. Wakamchagua mzee wa kanisa. Wakampa Biblia asome Jumapili.

"Akawa anaomba mtu amsomee Jumamosi, yeye anashika yote," yeyo akasema. "Siku moja mchungaji akabadilisha somo asubuhi ile ile. Baba akasema macho yanamuuma. Nilikuwepo. Nilimwona akiifunga Biblia bila kusoma. Jioni yake nikiwa jikoni na kitabu cha shule, ndiyo kwanza niko darasa la kwanza, akaingia akakaa mkabala na mimi. Baba! Jikoni! Akasema, 'Hiyo ni nini?' Nikasema, 'Ni a.' Akasema, 'Na hiyo?'"

"Dada," mjomba akasema, "nyamaza."

"Sinyamazi. Akachukua kijiti akaanza kuonesha. Akawa anakuja kila siku, mama akiwa amekwenda kukamua. Mimi mtoto wa kike, yeye baba yangu, mzee wa kanisa mwenye zizi lililojaa. Nilikuwa namwambia, 'Baba umekosea, rudia.' Mara ya kwanza nilisema nikijua atanipiga kofi. Akarudia. Nikamwambia tena, akarudia tena. Mwalimu akaona masizi kitabuni akanicharaza mbele ya darasa, akauliza nani kafanya. Sikusema. Niliporudi baba akaona miguu yangu. Kesho yake akampelekea mwalimu kondoo, akamwambia kitabu hicho amekipenda, kibaki kwake. Ndivyo kilivyokuwa chetu."

"Na Wajerumani?" nikauliza.

"Watu walipoanza kumsikia anasoma kila somo hata la ghafla, wakamuuliza alijifunza wapi. Akasema, kwa Wajerumani. Wakaamini. Akanitazama, na mimi nikajua ni jambo la kufunika. Nimelifunika."

Mjomba akasimama. "Umemvua baba nguo. Mbele ya mtu baki! Nitakwenda kuwaambia nini? Kwamba mzee Yiamat alidanganya kanisa, akafundishwa na katoto?"

"Waambie hivyo," yeyo akasema. "Wewe Tajeu una digrii ya maneno. Lini umewahi kukaa chini mtu akakuambia umekosea, ukarudia? Hata mkeo akikuonesha njia unapinda kona nyingine. Baba alirudia. Mimi katika maisha yangu sijaona mwanaume mwingine aliyefanya hivyo, na mwanangu huyu hapa yumo kwenye hesabu."

Nilitaka kujitetea, nikakumbuka ninavyoendesha gari.

Mjomba akaenda dirishani, akatupa mgongo. Mama Godbless akaanza kurudisha vitabu vyake kwenye sanduku, polepole, bila kugonga kitu. Mimi nilimtazama yeyo. Nimekula kwa mkono wa mwanamke huyu tangu nizaliwe, na nilikuwa namwona kama mama anayejua mbegu na kuku. Ile sauti iliyojaza kanisa letu utoto wangu wote, ile iliyonifanya nikae wima kwenye benchi, ilitoka kwake. Na yeye Jumapili zote hizo alikaa upande wa wanawake, kimya, anasikiliza kama tulivyosikiliza sisi.

Mjomba alirudi mezani baada ya muda. Hakukaa. Akakishika kitabu kwa ncha za vidole.

"Alikuwa anakosea wapi?" akauliza.

Yeyo akapangusa macho, akafunua ukurasa. Pale vidoa vya masizi vilikuwa vimerundikana chini ya mstari mmoja mpaka karatasi imekaribia kutoboka.

"Hapa. Alikuwa anasoma kwa kukisia. Anatazama picha ya mbuzi, anaona kamba, anasema, 'Mbuzi amefungwa.' Namwambia, baba, hapajaandikwa hivyo. Soma kilichoandikwa. Anakasirika. Anasema, 'Lakini si amefungwa? Mimi namwona!'"

Mjomba akatoa sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Huyo ni baba," akasema. "Huyo ni yeye kabisa." Kisha akaketi, na machozi nayo yakaja.

Mama Godbless akatoa kadi nyeupe. Akaandika kwa mwandiko wa kukaza: kitabu cha kusomea, darasa la kwanza, chapa ya pili, 1953. Akainua kalamu.

"Hapa chini huwa naandika cha nani na kilitumikaje. Niache wazi?"

Yeyo akamtazama mdogo wake. Hoja ya chumba ilikuwa ya mjomba. Yeye ndiye aliyelisimamia jina mbele ya watu, na aibu ingekuwa yake.

"Andika," akasema mjomba. "Cha Nosim binti Yiamat. Alimfundishia baba yake kusoma."

Siku ya kufungua chumba kadi ilikaa mezani hivyo hivyo, na mjomba aliieleza mwenyewe mbele ya usharika. Hakuzunguka. Wengine waliguna, wengine walipiga makofi, na yule mzee aliyeuliza ushahidi alisema basi hoja imeanguka, na kweli imeanguka. Chumba mpaka leo hakina jina. Watoto wanasoma humo hivyo hivyo.

Watu walipopungua mezani, mwanaume mmoja wa rika la mjomba, mwenye heshima zake, akamsogelea yeyo. Jina lake silitaji. Nilikuwa karibu nakunja turubai, hawakuniona kama nasikia.

"Nosim," akasema, "macho yako bado yanaona?"

"Kwa miwani yanaona."

Akatazama huku na huku.

"Nije lini?"

"Njoo Jumanne," yeyo akasema. "Uje na kitabu chako. Changu hakitoki tena."